Usitafute filta ya oili kwa jina la gari

Niliponunua Land Rover yangu ya Series III, mwenye nayo alinipa na boksi lenye filta mbili za oili ambazo hazijatumika. Zilikuwa zile za karatasi zinazokaa ndani ya bakuli la chuma, na kitabu cha gari kilisema hizohizo. Nilipoinama chini ya gari kumwaga oili, bakuli halikuwepo. Mtu fulani, miaka mingi kabla yangu, alishaliondoa na kufunga adapta ili itumike filta ya kopo, ile unayoizungusha kwa mkono. Filta mbili safi, na hakuna hata moja iliyonifaa.

Kosa langu lililofuata lilikuwa kubwa zaidi. Kopo nililolifungua lilikuwa limechubuka rangi yote, halina hata nambari moja ya kusomeka. Nikaenda nalo dukani, nikapewa linalofanana nalo: urefu uleule, ringi ya mpira yenye upana uleule. Nikaanza kulifunga. Lilishika, lakini nikahisi linacheza. Fundi mmoja mzee aliyekuwa karibu akaniambia, "Mwanangu, toa hiyo kabla hujawasha." Tulipopima, mrija wa adapta, ule wenye nyuzi za skrubu ambao kopo huzungushwa juu yake, ulikuwa wa inchi 3/4 wenye nyuzi 16 kwa inchi, na kopo nililouziwa lilikuwa la milimita 20 lenye hatua (umbali kutoka uzi hadi uzi) ya milimita 1.5. Inchi 3/4 ni milimita 19.05 tu. Filta ya milimita 20 huingia juu ya mrija huo na kudanganya kwamba imeshika, lakini imeng'ata kwa ncha za nyuzi tu. Presha ya oili ikipanda, inaweza kuchomoka ukiwa barabarani, na injini ikabaki bila oili kabla hujaiona taa.

Tangu siku hiyo siulizi tena "filta ya Land Rover". Magari ya umri huu yameshabadilishwa injini, yamefungwa adapta, yamepita kwa mafundi wengi. Naanza na nambari iliyogongwa kwenye bloku ya injini, kisha napima kile ambacho kipo kweli: kipenyo cha mrija na hatua ya nyuzi zake, kipenyo cha ndani na cha nje cha ringi, urefu wa kopo, na nafasi iliyopo kuzunguka filta ili isigusane na ekzosi au usukani. Nunua kipimo cha nyuzi, kile chenye vibati vya meno. Macho pekee hayawezi kutofautisha hatua ya milimita 1.5 na ile ya nyuzi 16 kwa inchi.

Lakini vipimo vya nje ni nusu tu ya kazi. Ndani ya kopo kuna vali ambazo huzioni, na hapo ndipo wengi wanaumiza injini bila kujua.

Ya kwanza ni ile inayofunguka filta ikiziba au oili ikiwa nzito kwa baridi, ili oili ipite bila kuchujwa badala ya beringi kukosa oili kabisa. Kuna injini ambazo vali hiyo iko kwenye bloku yenyewe. Chevrolet V8 ndogo ni mojawapo, kwa hiyo filta zake nyingi hutengenezwa bila vali hiyo. Ukichukua filta ya namna hiyo ukaifunga kwenye injini inayotegemea vali iliyo ndani ya kopo, siku ikiziba oili haina pa kupita.

Ya pili ni mpira mwembamba unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Filta ikisimama mdomo ukiwa juu, mpira huo si lazima sana. Ikilala ubavu, au ikikaa kichwa chini, mdomo ukiwa chini, kama kwenye baadhi ya magari ya MGB, basi ni wa lazima. Utajua umekosea kwa sauti: asubuhi ukiwasha, taa ya oili inachelewa kuzima na injini inagonga kwa sekunde kadhaa. Usiizoee sauti hiyo. Kila kugonga huko ni chuma kinachosuguana na chuma.

Kama injini yako bado ina bakuli lake la asili, usiharakishe kulitupa. Mimi nilirudisha langu, na sijutii, kwa sababu kila nikibadilisha filta naona kilichotuama chini ya bakuli. Unga wa chuma unaong'aa huniambia mengi kabla injini haijaanza kulalamika. Angalizo moja tu: ringi ya mpira hukaa juu, ndani ya mfereji, na ya zamani huganda humo ikawa ngumu na nyeusi hadi ikafanana na chuma. Ukiweka mpya juu ya ya zamani, oili itavuja kwa nguvu injini ikishawaka. Ichokoe kwa sindano mpaka uione chuma tupu.

Kuhusu nambari: watengenezaji wana majedwali ya kulinganisha, yatumie. Motorcraft FL-1A, Fram PH8A na Wix 51515 ni filta zinazochukuliana nafasi. Kwa MANN, nambari inayoanza na W kwa kawaida ni kopo, na H ni ya karatasi. Ukikwama, ulizia spea za matrekta, boti na jenereta, maana injini nyingi za zamani zilifungwa huko pia. Ukiipata inayofaa, chukua kadhaa.

Filta iliyokaa ghalani miaka 40 mimi siifungi, hata boksi likiwa zuri namna gani. Gundi ya karatasi huachia na mpira hukauka.

Na kuna injini isiyo na filta kabisa. Volkswagen Beetle ya kupozwa kwa hewa ina chujio la wavu tu na lita 2.5 za oili, kwa hiyo huko unatafuta gasketi na washa za shaba, na unabadilisha oili mapema zaidi.

Unapofunga filta ya kopo, paka ringi oili safi, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kata umeme wa plagi, piga stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Lala chini na tochi, iangalie ringi injini ikiwa inaunguruma. Zima, subiri, pima oili upya, maana filta mpya nayo imekunywa yake.