Mpira hauishiwi nguvu

Msomaji amekuta katika makala ya sayansi kwamba "kani ni tungamo mara mchapuko", naye anauliza: kwa nini wasiandike nguvu, uzito na kasi, maneno tunayoyajua sote?

Kwa sababu ni vitu vingine. Uzito ni namna Dunia inavyokuvuta, kwa hiyo wenyewe ni kani, yaani msukumo au mvuto. Gunia la mahindi la kilo 100 likifika mwezini, uzito wake unashuka hadi kama sehemu moja ya sita, ila tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, ni lilelile. Na basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, bila kuongeza wala kupunguza mwendo, lina kasi lakini mchapuko wake, yaani badiliko la mwendo kwa kila sekunde, ni sifuri. Neno lenyewe latokana na kuchapua, kama tunavyomhimiza mtoto achapue miguu.

Limebaki "nguvu", na hapo ndipo watangazaji wa mpira wanaponikera kila wiki. Shuti limepigwa, mpira unabiringika, unazidi kupunguza mwendo, kipa anauokota. Mtangazaji: "Mpira umeishiwa nguvu!" Nguvu ipi hiyo? Mpira si tochi yenye betri.

Tupige hesabu. Mpira wa mechi una gramu 410 hadi 450, tuseme 430. Kiatu hugusana nao kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Ukiondoka kwa mita 25 kwa sekunde, mchapuko wake wakati wa mguso ulikuwa, kwa wastani, mita 2,500 kwa sekunde mraba, na kani ya kiatu ilikuwa kama nyutoni 1,075. Kani hiyohiyo ikisukuma tufe la kilo 4, mchapuko unapungua zaidi ya mara tisa. Hayo ndiyo yaliyomo katika sentensi ile ya msomaji, ambayo ni kanuni ya Newton ya mwaka 1687.

Sasa mpira umeachana na kiatu. Kani ya kiatu ilikoma palepale. Haikupanda juu ya mpira kama abiria, haikwenda nao, wala haikupungua njiani. Mpira unabeba mwendo, na mwendo hauhitaji kusukumwa ili uendelee. Kinachousimamisha ni kani nyingine, ya nyasi na ya hewa, zinazouvuta nyuma. Kumbe kwa macho ya mtangazaji nguvu imekwisha, na kwa kweli kani ipo kazini mpaka mpira utulie! Wazo lake ni la Philoponus wa Alexandria, karne ya 6, aliyefundisha kwamba mrushaji hukiachia kitu nguvu inayokwisha polepole. Alikuwa mwanafalsafa mkubwa, lakini tangu hapo zimepita zaidi ya karne kumi na nne, na watoto wetu wanamsikia redioni kila Jumamosi, kisha mwalimu apate kazi ya kuwafutia wazo hilo.

Simkatazi mtu kusema "shuti halikuwa na nguvu", maana hapo anausema mguu wa mpigaji, na ni sawa kabisa. Nyumbani pia sema nguvu utakavyo, ya mkono, ya hoja, ya dawa. Lakini ukiandika fizikia andika kani, uipime kwa nyutoni. Na mtangazaji aseme mpira umepungua kasi. Ni maneno matatu vilevile, hayamgharimu pumzi ya ziada.