Betri Ikilala, Alamu Huamka: Usikubali Wakukatie Waya

Saa 11 alfajiri, Tabata imelala, na king'ora cha gari langu kinalia mtaa mzima usikie. Mama yuko kiti cha nyuma, amejifunika kitenge mabegani. Tulikuwa tumefika usiku kwa basi kutoka Moshi, na asubuhi ile alitakiwa awahi kliniki. IST yangu ilikuwa imekaa siku 18 bila kuwashwa. Jirani yangu, dereva wa teksi, aliamka bila kunung'unika, akaleta waya za kushtulia betri. Mara tu waya wa mwisho ulipogusa, kelele. Nikabonyeza rimoti, kimya. Nikabonyeza tena, wapi. Nikapiga stata, gari halikuitikia.

Akaitwa fundi aliyekuwa karibu. Akachungulia chini ya dashibodi, akasema, "Dada, hii alamu imeshakufa, tukate tu waya." Nilimtazama mama, nikakubali. Akakata, akaunga nyaya mbili kwa kuzisokota na kuzifunga utepe, gari likawaka, tukawahi. Miezi 2 baadaye gari lilinizimikia katikati ya foleni Ubungo, malori mbele na nyuma. Kiungo kile kilikuwa kimelegea.

Fundi umeme aliyenisaidia siku hiyo, mzee mtaratibu, ndiye aliyenifundisha ninayoyaandika hapa. Alisema alamu yangu haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Alamu nyingi tunazofungiwa hapa mjini, zile za kuongezwa baada ya gari kuja, zina kisanduku kinachotunza kumbukumbu hata umeme ukikatika. Uliiacha imefungwa, yaani ikilinda gari, betri ikaisha, basi umeme ukirudi inaamka ikiwa bado imefungwa. Kwake yeye, mtu amechomoa betri na kuirudisha, na mtu wa namna hiyo ni mwizi. Kwa hiyo inapiga kelele, na papo hapo inakata njia ya umeme wa stata au wa pampu ya mafuta. Ndiyo maana unaweza kushtua betri ukiwa na waya nzuri kabisa na gari lisiwake.

Jambo la kwanza, basi, ni kujiandaa kabla umeme haujarudi. Fungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa chuma. (Tundu la ufunguo likikaa miaka bila kutumika hukakamaa, kwa hiyo walau mara moja kwa mwezi weka rimoti pembeni ufungue kwa mkono.) Hakikisha milango mingine imefungwa vizuri. Rimoti iwe mkononi mwako. Na nakuomba sana: usiache ufunguo ndani huku milango yote imefungwa, kwa sababu umeme ukirudi alamu inaweza kubana loki zote, ukabaki nje na kelele ikiendelea. Mimi huwa namweka mtu kwenye kiti cha dereva, mlango wake ukiwa wazi.

Waya za kushtulia unazijua: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho hutakiwi kuipata pale juu yake.

King'ora kikianza, bonyeza kitufe cha kufungua kwenye rimoti, ukiwa karibu. Mara nyingi mambo huishia hapo. Kisipotii, ingia ndani, zungusha ufunguo hadi ON bila kupiga stata, kisha bonyeza kile kitufe cha dharura. Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu hatujui kama kipo. Ni kitufe kidogo, au swichi ndogo ya kusukuma, ambayo fundi huificha: chini ya usukani, nyuma ya kifuniko cha fyuzi, wakati mwingine pembeni ya kiti. Kwenye aina nyingine unabonyeza mara moja, nyingine unakishikilia sekunde kadhaa. Kwenye gari langu kinakaa mbele ya goti la kushoto, na asubuhi ile tulikata waya kikiwa hapohapo, sentimita chache kutoka mkono wa fundi. Kitafute chako leo, gari likiwa zima. Usipokiona, rudi kwa aliyekufungia akuonyeshe, na mwombe ile karatasi ya maelekezo.

Kuna ving'ora vyenye betri yake ndogo ndani. Hivi hulia hata ukichomoa betri ya gari, na huzimwa kwa kijifunguo chake, kwenye tundu lililo kwenye mwili wa king'ora chini ya boneti.

Kelele ikishakoma, usikimbilie stata. Acha gari la msaada lingurume dakika 10, betri yako ipate nguvu kidogo. Stata huvuta umeme mwingi, volti zikiporomoka kisanduku cha alamu huzima na kuwaka upya, na unarudi mwanzo. Watu wengi hudhani alamu imeharibika kumbe ni betri bado dhaifu.

Kama rimoti bado haiitikii wakati gari limeshawaka, angalia kwanza betri ya rimoti yenyewe. Nyingi hutumia ile nene ndogo ya volti 12, namba 27A au 23A; nyingine ile bapa ya CR2032. Ukishabadilisha, simama karibu na gari, bonyeza mara mbili tatu. Ikigoma, inahitaji kufundishwa upya kwenye kisanduku, na hatua zake hutegemea aina ya alamu. Hapo ile karatasi ndiyo msaada wako.

Usichanganye haya na imobilaiza ya kiwandani, kizuizi cha kuwasha gari, ile yenye chipu ndani ya ufunguo. Chipu ile haitumii betri, na kumbukumbu yake haifutiki kwa betri ya gari kulala. Mtu akikuambia ununue ufunguo mpya kwa sababu tu betri iliisha, pima volti kwanza. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Ikishuka chini ya 11.9 imekwisha. Injini ikiwaka unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.4, la sivyo kaangalie alterneta, ile inayochaji betri. Redio ya Kijapani, hiyo kweli inaweza kujifunga, lakini haizuii gari kuwaka.

Kwa nini betri iliisha? Gari likiwa limezimwa, miliampea 50 huhesabiwa kawaida: saa, alamu, kumbukumbu za kompyuta. Kwa siku ni Ah 1.2 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri). Kwa siku 18 ni zaidi ya Ah 21, na betri ndogo ya gari kama langu ni Ah 35 ikiwa mpya. Yangu ilikuwa ya miaka 3, na nina kifaa cha kufuatilia gari kinachonyonya pembeni.

Kwa hiyo sasa nikisafiri zaidi ya siku 10, nafungua alamu kwa rimoti, nachukua spana namba 10, nalegeza waya wa hasi na kuuweka pembeni, kisha nafunga milango kwa ufunguo. Kifaa cha kufuatilia gari hakifanyi kazi wakati huo, kwa hiyo naliacha ndani ya geti, na jirani anajua. Desemba nilipotoka Moshi nilirudisha waya ule rimoti ikiwa mkono wa kushoto. King'ora kililia mara moja, nikabonyeza, kikanyamaza. Mama alikuwa amesimama barazani na chai yake, hata hakuiweka chini.