Shangazi, nimemfokea mama

Shikamoo shangazi. Nina miaka 38, naishi Igoma, Mwanza. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia umepooza na kauli imekuwa nzito. Kaka zangu, wawili wako Dar es Salaam na mmoja Geita, hutuma hela wakijaliwa. Mimi sikuolewa, basi ikaonekana ndiye mwenye nafasi, nikaacha biashara yangu ya dagaa pale Mwaloni. Usiku naamka kumgeuza na kumbadilisha, mgongo unaniuma. Juzi alikojoa nikiwa ndiyo kwanza nimetandika shuka safi, nikamfokea mpaka akalia. Tangu hapo siwezi kumtazama usoni. Je, nimejitafutia laana?
Mchovu wa Igoma

Marahaba, mwanangu.

Laana huna, una usingizi. Anayekatishwa usingizi kila usiku, tena mgongo unamuuma, hasira zake hukaa karibu. Mwombe mama msamaha leo hii, kwa maneno machache, ukiwa umeketi anapokuona vizuri. Kauli kuwa nzito si kwamba haelewi. Wengi waliopata kiharusi wanaelewa kuliko wanavyoweza kusema. Ila usipopata pa kulala, utamfokea tena. Na siku ukihisi mkono unataka kunyanyuka, hakikisha hawezi kuanguka kitandani, toka nje, ita jirani.

Tuje kwa kaka zako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa ndugu walio mbali huwa mwepesi zaidi. Mimi nimechoka na watu wa "Mungu atakubariki" ambao hawajafua hata shuka moja. Omba kikao cha familia, hata kwa simu, na usiende na machozi, nenda na daftari. Andika siku moja nzima ilivyo, kuanzia uji wa asubuhi hadi kumgeuza usiku wa manane. Andika dawa za presha, pampasi za watu wazima, sabuni, nauli ya kliniki. Kisha andika ulichokuwa unapata Mwaloni kwa wiki. Hakuna aliyekihesabu, na huenda ndio mchango mkubwa kuliko yote inayotumwa.

Watakuambia mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Sawa, hilo tuliheshimu, mama naye ana haya zake. Lakini kumnywesha uji, kumpa dawa kwa saa zake, kufua, kumpeleka kliniki, kuketi naye jioni, mwiko uko wapi? Kumwogesha, mawifi zako wapo. Walio Dar es Salaam wachangie kwa tarehe inayojulikana, si wakijaliwa, upate mama wa kukusaidia usiku kadhaa kila wiki. Ukimpata, lala chumba kingine.

Huo mgongo nao usiuache. Usimvute mama kwa mkono uliopooza, bega linaweza kuchomoka, wala usimbebe peke yako. Kunja shuka, lipite chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, mmoja ashike huku na mwingine kule, msogezeni pamoja. Kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi ndiko kunakomkinga na vidonda vya kulala, kwa hiyo kila atakayeshika zamu afundishwe. Mkienda kliniki Sekou Toure au Bugando, omba mtaalamu wa mazoezi ya viungo awaonyeshe kwa vitendo. Ukiwa hapohapo, pimwa presha na wewe.

Kaka wa Geita ndiye wa kuanza naye. Kivuko si kisingizio tena, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Aje Ijumaa moja kila mwezi, na mkewe. Wakabidhi dawa na daftari, kisha nenda kalale kwa shoga yako hadi Jumapili. Akipiga simu kuuliza sukari iko wapi, mwambie aitafute.