Kabla Hujakitupa Kipima Unyevu Chako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa uchungu. Kipima unyevu chake kinasoma asilimia 41 kwenye udongo wa mfinyanzi ambao oveni, yaani kuukausha na kupima uzito wa maji yaliyotoka, inampa 33. Akauliza anunue kipi kingine. Nilimjibu usiku uleule asinunue chochote, kwa sababu mimi nimepita njia hiyo na niliaibishwa.

Nilikuwa na kazi ya miezi 3 ya kulinganisha usomaji wa kipima kama hicho na maji halisi ya udongo. Nilichekecha udongo kwa chekeche la milimita 2, nikaugawa kwenye ndoo, nikaongeza maji kidogo kidogo, nikachomeka kipima na kuandika. Siku ya kuonyesha grafu, msimamizi wangu aliitazama mbele ya wenzangu wote, akauliza kama hizo ni data au ni mtama uliomwagika. Wakacheka. Miaka imepita, na kicheko kile bado nakisikia.

Kosa langu lilikuwa kutoshindilia. Vipima hivi havioni maji yenyewe. Vinapima jinsi udongo unavyoitikia uga wa umeme: kwa mwitikio huo, maji yana kiwango cha karibu 80, madini ya udongo 3 hadi 5, hewa 1. Mwanya mwembamba wa hewa kando ya sindano za kipima unatosha kuharibu usomaji. Nami nilikuwa namimina udongo ndooni kama unga, gramu 1.0 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali shambani ulikuwa 1.3. Nilirudia yote peke yangu. Safari hii nilipima uzito wa kila tabaka na kulishindilia mpaka lifike alama niliyochora ndooni. Nikafunika kwa plastiki usiku kucha maji yaenee, ndipo nikachomeka sindano, mara moja, bila kuzitikisa. Nukta zikalala kwenye mstari. Grafu hiyo ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu zangu, shindilieni. Mwenye haraka asianze kazi hii. Udongo ukae oveni kwenye nyuzi 105 kwa saa 24, na ukiurudisha uzito usibadilike tena. Ndoo iwe pana kuliko eneo ambalo kipima kinahisi. Msitegemee fomula ya kiwandani, ile kipima kinachokuja nayo ya kugeuza usomaji kuwa unyevu, kwenye mfinyanzi au udongo wa chumvi. Na shindilieni, narudia, kwa uzito wa shambani kwenu.

Liko jambo jingine lililonichelewesha hata baada ya kushindilia: oveni hutoa asilimia kwa uzito, kipima husoma kwa ujazo. Nilimwomba yule msomaji achukue pete yake ya kukatia udongo, ya sentimita za ujazo 100, akate udongo palepale kwenye sindano, aukaushe, apime. Jana amejibu: gramu 124, yaani 1.24 kwa kila sentimita ya ujazo.

Zidisha 33 kwa 1.24. Unapata 41.