Paneli ya sola ya wati 100 na betri ya Ah 40 kwa nyumba ya vyumba viwili
Umeuliza kama paneli hiyo na betri ya Ah 40 (Ah, amp-saa, ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) zinatosha. Paneli inatosha, ila betri ndiyo itakayokuangusha. Piga hesabu: taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni Wh 100 (wati-saa: wati mara saa), TV ya wati 30 kwa saa 4 ni 120, kuchaji simu Wh 20. Jumla 240, yaani Ah 20 kwenye volti 12. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, na nusu ya Ah 40 ni hizo 20 za siku moja, kwa hiyo siku ya mawingu huna akiba. Chukua Ah 80.

Usibanie nyaya (wengi hubania hapo): mita 10 za waya wa unene wa 1.5 mm² hula karibu volti 1 TV na taa zikiwaka pamoja. Weka 4 mm². Fyuzi ikae jirani na chanya ya betri. Kwenye chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli kwenda betri) unganisha betri kwanza, paneli baadaye.