Mtoto wa shoga yangu halipi kodi, nimfungie chumba?

"Shangazi, niko Makorora hapa Tanga. Nilimpa mtoto wa shoga yangu wa Pangani chumba cha uani, elfu 40 kwa mwezi, kwa maneno tu, mkataba hakuna na mtaani sijamwandikisha. Mwezi wa nne huu hajalipa na luku tunatumia mita moja. Kwa mwenyekiti naogopa, nisije nikaulizwa mambo ya TRA. Kufuli nimeshanunua. Mama Wawili."

Mama Wawili, hilo kufuli rudisha dukani kama walikupa risiti, maana ndo itakuwa risiti pekee kwenye biashara yako yote hii. Ukimfungia leo kesho atasema ndani aliacha tivii na laki 5 chini ya godoro, na we huna karatasi hata moja ya kubishana nae, laki na 60 unayodai inageuka kesi yako.

Kijana anajua unajificha, ndo maana kalegea. Anachemshia maharage jiko la umeme asubuhi mpaka mchana halafu we ndo unakimbilia vocha ya luku, jamani!

Hata TRA wakikudai ile asilimia 10 ya pango, kwa chumba chako ni elfu 4 kwa mwezi, sasa elfu 4 ndo ikuzuie kudai haki yako? Na usidhani serikali haikujui, kodi ya jengo unakatwa kwenye hiyohiyo luku tangu 2021. Nenda TRA ukaulize mwenyewe kabla hujafuatwa.

Ila kwanza mkalishe huyo kijana, deni liandikwe, tarehe za kulipa ziandikwe, asaini mbele ya mjumbe. Kama zamani alikuwa anakutumia kwa simu zile meseji usifute, ni ushahidi kwamba ni mpangaji na sio mgeni wako. Akikataa kusaini nenda kwa mwenyekiti, ikishindikana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akibaki, mfungie mita ndogo yake.

Kiukweli naona kinachokunyima usingizi ni shoga yako. Mpigie leo, we mwenyewe, kabla mwanae hajamfikishia ya kwake, umwambie miezi na hela bila kuzunguka. Akinuna anune, pengine hela alishampa mtoto akijua inafika kwako.