Visima vya GPS kuangukia mita 300 mbali na mahali pake kwenye ramani: simu ni nzima, angalia datamu

Mdogo wangu, umesema mmerudi kutoka fildi Morogoro, na visima vyote mlivyochukua kwa simu vinaangukia kusini mwa mahali vilipo kwenye karatasi ya 1:50,000. Mwenzako analaumu simu. Simu ikikosea huvitawanya visima, kimoja huku kingine kule, mara nyingi mita 5 hadi 10 tu. Vyenu vimesogea vyote upande mmoja kwa kiasi kilekile, na hiyo ni dalili ya datamu, yaani msingi wa umbo na nafasi ya dunia ambao namba za mahali hupimwa kutoka kwake: simu na karatasi zinatumia datamu tofauti.

Karatasi za zamani za topografia, za Tanzania na za Kenya, zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960, juu ya umbo la dunia la Clarke 1880. GPS inatumia datamu nyingine, WGS84. Ukichukua istingi na nothingi (namba za mita za kuelekea mashariki na kaskazini) za WGS84 ukazipachika moja kwa moja kwenye gridi ya karatasi, kisima kinashuka kusini takriban mita 300 na kwenda mashariki karibu mita 100. Chukua rula upime: milimita 6 chini, karibu 2 kulia. Ikitoka hivyo, tatizo ndilo hilo.

Tafadhali msivisogeze kwa mkono hadi "vikae vizuri". Msimamizi akiuliza mmefanyaje, hamtakuwa na jibu.

Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, skani ya ramani ifungeni mahali pake kwa makutano ya mistari ya gridi, si kwa madaraja wala njia panda, na mfumo wake uwe EPSG:21037, namba ya orodha inayomaanisha Arc 1960, gridi ya UTM ya mita, ukanda wa 37 Kusini. Tumieni skana ya bapa; picha ya simu hupinda pembeni. Kwa skani ya dpi 300, pikseli moja ni kama mita 4 ardhini, kwa hiyo kosa la wastani la kufunga skani likizidi pikseli 2 au 3, rudini mkague namba mlizoandika. Jedwali la visima liingie kama EPSG:4326 (WGS84 kwa digrii) ikiwa ni digrii, au 32737 (WGS84 kwa mita za ukanda wa 37 Kusini) ikiwa ni mita. Programu itapatanisha yenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakiona visima havikai, wanabadilisha jina la mfumo wa leya (tabaka) ya visima vya mita kuwa 21037. Hilo halihamishi kitu. Ni kuidanganya programu kwamba namba za WGS84 ni za Arc 1960, na zile mita 300 zinarudi palepale. Mkitaka kweli kuihamisha, tumieni amri ya Reproject, inayotengeneza faili jipya.

Angalieni pia ukanda wa UTM, kipande cha dunia ambacho gridi ya mita inahesabiwa ndani yake. Morogoro iko ukanda wa 37 Kusini, lakini mpaka wa 36 na 37 ni longitudo 36, na jiji la Dodoma liko magharibi yake kidogo. Darasa linalochukua data njiani kutoka Morogoro hadi Dodoma linavuka mpaka huo, kwa hiyo lirekodi kwa digrii. Kwenye digrii, msisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta: Dar es Salaam bila alama hiyo inaangukia Ethiopia. Ukiiweka alama lakini ukabadilishana latitudo na longitudo, unaikuta Hispania, jirani na Badajoz.

Mtego wa mwisho ni wa vifaa vya mkononi kama Garmin. Ukikiweka kwenye Arc 1960 ili kisomane na karatasi, kioo kinaonyesha Arc 1960, lakini faili la GPX (faili la visima mnalolipakua) linalotoka ndani yake daima ni WGS84. Mmoja akinakili kwenye kioo na mwingine akapakua faili, jedwali la kikundi linachanganyika bila mtu kujua. Kwa hiyo daftarini kila mstari uwe kamili: kisima namba 7, 37S, WGS84, usahihi mita 4, kimenakiliwa kutoka kwenye kioo. Daftari lenu likiwa halina hayo, chagueni visima vitatu vinavyoonekana wazi kwenye picha ya setilaiti, mvilinganishe kimoja kimoja, kabla ya kugusa vilivyobaki.